Mizigo ya Kutumwa: Kutoka Muscat Hadi Ediofe

Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Muscat akisema tu kwamba anasafiri, sanduku lake huacha kuwa lake. Habari ikishafika Ruwi, simu zinaanza. Mpelekee mama yangu dawa ya mgongo. Mpelekee mdogo wangu simu, haina uzito. Kilo mbili tu, dada, hata moja na nusu. Mimi ni mtu wa Tanga na nimezoea kubeba mizigo ya Tanga, lakini safari hii sikuwa naelekea pwani. Nilikuwa naenda Ediofe, pembeni mwa mji wa Arua, katika West Nile, kule ambako Uganda inapakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine.

Aliyenituma ni binti wa huko huko Ediofe, anayefanya kazi za ndani Muscat. Dada yake alikuwa anatolewa mahari, mkataba wake mwenyewe haujaisha, ruhusa hakupata. "Dada, ukienda wewe nimekwenda mimi," aliniambia, akanikabidhi mfuko wa zawadi. Tulikaa chini tukautoa kitu kimoja kimoja mkekani: simu moja mpya, halwa ya Oman ndani ya kopo la plastiki, kijichupa cha mafuta ya udi, vitenge viwili vya kushonwa, na kitambaa cha lesi cha mita sita, cha rangi ya krimu, kwa ajili ya gauni la mama. Hiyo ni desturi yangu na wala siionei haya: mzigo wa kutumwa naufungua mbele ya mwenyewe. Watu wamefungwa miaka mingi kwa sababu ya kifurushi walichopewa kimeshonwa tayari, na pale kaunta ukiulizwa kama umefunga mwenyewe mizigo yako, jibu ni la kweli au la uongo, hakuna la katikati.

Juu ya hayo akanipa riali kumi na tano. "Ukifika uwanjani, kule kwenye maduka yasiyolipishwa ushuru, mnunulie mama pafyumu. Ya dukani ataona ni ya kawaida. Ya uwanja wa ndege ina heshima."

Alisema kweli. Kwetu sisi mfuko wa duka la uwanjani una hadhi yake, na ukifika nao kijijini hata mtoto anajua umetoka mbali. Biashara hiyo yenyewe haina umri mkubwa. Ilianzia Ireland mwaka 1947, pale Brendan O'Regan alipofungua duka katika uwanja wa Shannon, ambako ndege zilizovuka Atlantiki zilikuwa zikitua kujaza mafuta. Hoja yake ilikuwa nyepesi: abiria aliyekwisha gongewa muhuri wa kutoka, na bado hajaingia nchi nyingine, hayuko chini ya ushuru wa mtu. Dubai walifungua lao mwaka 1983, na leo hakuna kiwanja cha Ghuba ambacho hukipiti kwa kukatiza katikati ya manukato na chokoleti, upende usipende.

Jambo ambalo matangazo ya maduka hayo hayasemi, na ambalo ningependa kila anayesafiri kwa kuunganisha ndege alijue, ni kwamba duka limekusamehe ushuru wa kule unakotoka tu. Kule unakokwenda kuna forodha yenye sheria yake. Na katikati, kwenye kiwanja cha kubadilishia ndege, kuna watu wa usalama ambao hawana habari na ushuru kabisa. Wao wanapima vimiminika.

Katika kiwanja tulichobadilishia ndege, kimoja kati ya viwanja vya Ghuba, foleni yetu ya kwenda Entebbe ilijaa mabinti. Wengi walikuwa wanarudi baada ya miaka miwili au zaidi, wamevaa nguo mpya, mikononi mifuko ya dukani. Mbele yangu alisimama baba mmoja wa Kampala aliyekuwa amemnunulia mkwewe chupa ya wiski huko alikoanzia safari. Alikuwa ameutoboa mfuko wake wa plastiki, akaitoa chupa na kuifungia ndani ya koti asije akaivunja. Kwenye mashine chupa ikachukuliwa. Alieleza, akaonyesha risiti, akaomba aitwe mkubwa. Mkubwa akaja, akasema yale yale kwa upole.

Mambo haya yalianza Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo, katika viwanja vingi, kimiminika chochote cha kubeba mkononi kisizidi mililita 100 kwa chombo kimoja, na katika hesabu hiyo rojo, krimu na mafuta ya kupaka vinahesabiwa kimiminika. Kilichonunuliwa baada ya ukaguzi husamehewa kikitiwa ndani ya mfuko maalumu unaofungwa na muuzaji, wenye mpaka mwekundu, risiti ikiwa ndani inaonekana. Mfuko huo haufunguliwi hadi mwisho wa safari. Ukifunguliwa njiani, hata kama kilichomo hakijaguswa, kinakuwa chupa ya kawaida, na chupa ya kawaida ya lita moja haipiti. Kuihamishia kwenye sanduku kubwa huwezi, kwa kuwa sanduku limekwisha pokelewa kule mwanzo na litaonekana tena mwisho wa safari.

Kwa hiyo pafyumu ya mama wa Ediofe niliinunua pale pale, kiwanja cha mwisho, baada ya mashine. Halwa nilikuwa nimeiweka sandukuni tangu Muscat. Halwa ya Oman, kama ile ya Wete na ya Unguja, ni laini na inang'ara, na afisa wa usalama ana kila haki ya kuiita rojo.

Nataja na jambo la mifuko, kwa wale wanaounganisha kupitia kwetu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Maana yake mfuko ule ule wenye heshima unatakiwa uachwe uwanjani. Nimeona Dar es Salaam watu wazima wakipanga chokoleti mikononi wakitafuta pa kuzitia. Bebeni kikapu.

Entebbe ndege inashuka juu ya ziwa hadi unadhani itatua majini. Kwenye forodha kuna njia mbili, ya wasio na cha kutangaza na ya walio nacho, na mimi nilikwenda ya pili kwa sababu ya ile lesi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu abiria aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo. Inamruhusu manukato na marashi yasiyozidi nusu lita, na katika hayo manukato makali yasizidi robo. Tumbaku ya aina zote gramu 250. Mkazi anayerejea baada ya zaidi ya saa 24 nje anasamehewa pia bidhaa nyingine hadi thamani fulani, na kwa miaka mingi kiwango kilichojulikana kilikuwa dola 500. Kiwango hicho ndicho kilichozusha kelele kubwa Kenya Novemba 2023, watu walipolalamika kwamba masanduku yao yanapekuliwa Nairobi kama ya walanguzi.

Lakini sheria hiyo hiyo ina orodha ya vitu visivyosamehewa, na ndani yake kuna vitambaa ambavyo havijashonwa, pamoja na bidhaa zozote za kuuzwa au za kugawiwa watu wengine. Gauni lililoshonwa ni vazi lako. Mita sita za lesi ni bidhaa.

Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Alikikunjua kitambaa, akakipima kwa macho.

"Ni cha kwako, mama?"

"Nimetumwa. Ni cha mama wa rafiki yangu, Arua."

"Arua!" Akatabasamu. "Huko vitambaa vinatoka Kongo, wewe unapeleka." Akaandika, nikalipa, nikapewa risiti. Hakuna aliyenionea. Sheria ilifuatwa kama ilivyo, na ndiyo maana niliendelea kuifikiria njia nzima.

Njia yenyewe ni ndefu, takriban kilomita 500. Ndege ndogo za kwenda Arua zipo, lakini mzigo wangu ulinichagulia basi. Mabasi ya West Nile huondokea katikati ya Kampala, sehemu inayoitwa Arua Park, na ukifika pale umekwisha toka Buganda kabla gari halijawashwa: wachuuzi wanaongea Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala, na Kiswahili kinachonyooka bila haya. Wanaosema Waganda hawana Kiswahili hawajafika Arua Park. Watu wa kaskazini wana Kiswahili cha vizazi, cha babu waliokuwa askari wa Mwingereza, cha Wanubi, cha soko la Kongo.

Karuma tulivuka mto Nile ukiwa umechafuka povu, nyani wamekaa kwenye ukuta wa barabara wakisubiri maganda. Pakwach tukauvuka tena, na hapa ni mto mwingine kabisa, mpana, mtulivu, una majani yanayoelea. Basi liliposimama, wanawake walinyanyua samaki hadi madirishani, wa kukaanga na wa kukaushwa. Nilinunua wa kukaanga, nikampa na jirani yangu, tukala na mihogo yake ya kuchemsha. Kwetu Tanga samaki wa kukaanga anasubiri ndimu na pilipili. Huyu wa Pakwach alikuja na chumvi peke yake, na hakuhitaji zaidi. Baada ya Nebbi ardhi inapanda, hewa inapoa, miembe inajipanga kando ya njia, na nyumba za nyasi zinakaa kwa vikundi katikati ya viwanja vilivyofagiliwa vizuri mno.

Ediofe iko nje kidogo ya Arua, juu ya mwinuko wake. Ni jina la misheni: hapo ndipo lilipo kanisa kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, makao ya Jimbo Katoliki la Arua lililoundwa mwaka 1958, na kando yake shule, zahanati na nyumba za masista. Jumapili tulikwenda misa pamoja na familia. Mimi si wa dini hiyo, lakini nilikaa nyuma nikasikiliza adungu, vile vinubi vikubwa vyenye umbo la mtumbwi, vikipigwa na vijana watano kwa pamoja huku kanisa zima likiitikia. Kaswida za kwetu zina dufu. Hapa nyuzi zinabeba kila kitu, na uzi mzito wa mwisho ulinigonga kifuani.

Mama wa binti alinipokea kwa mikono miwili. "Mi ngoni?" akanijulia hali, na mimi nikajibu "Muke" kama nilivyofundishwa Muscat, akacheka mpaka akashika nguzo. Chakula kilikuwa enyasa, ugali wa mihogo na mtama uliofinyangwa ukapakuliwa juu ya sinia, na osubi, majani ya kunde yaliyopikwa na karanga, na angara, samaki wakavu wanaonuka nyumba nzima kwa namna ya kukuitia njaa. Tulikula wote mkono mmoja. Baada ya kunawa ndipo sanduku likafunguliwa.

Aliishika pafyumu kwanza, ikiwa bado imo ndani ya mfuko wake uliofungwa. Hakutaka kuupasua. Akausoma kama barua, akaipapasa risiti kupitia plastiki, akauliza bei, nikamwambia. Alipofika kwenye lesi akasimama, akajitanda begani, mita sita zikashuka hadi miguuni. Chini ya lesi palikuwa na risiti ya forodha, akaiona.

"Hii umelipia?"

"Nimelipia, mama."

"Na pafyumu?"

"Pafyumu hailipiwi."

Akakaa. "Kwa nini kitambaa kilipiwe na pafyumu isilipiwe? Pafyumu ni ya kujifurahisha. Kitambaa ni cha kuvaa."

Nilimweleza nia ya sheria kwa kadiri ninavyoielewa: kitambaa kisichoshonwa ni rahisi kukiuza, na nchi zetu zina viwanda vya nguo, Jinja, Eldoret, Dar es Salaam, ambavyo jora likiingia ovyo vinafungwa. Ni nia nzuri. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema mwanamke haendi kwenye mahari ya binti yake na kiwanda.

Na hapo ndipo ninaposimama naye. Sheria hii ya abiria iliandikwa ikimfikiria msafiri mmoja, na chupa yake, sigara zake na marashi yake, anayerudi kutoka kwenye mkutano. Msafiri huyo yupo, namheshimu. Lakini anayejaza ndege za kutoka Ghuba kwenda Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam ni binti wa kazi aliyetumwa na wenzake kumi, na zawadi kuu ya kwetu, kuanzia Lamu hadi Ediofe, ni kitambaa. Msibani tunapeleka kitambaa, harusini kitambaa, kwa mzazi kitambaa. Doti la kanga halijapindwa: afisa mmoja ataliona vazi, mwingine ataliona jora. Pombe kali, ambayo wengi wetu hatuigusi, imepimiwa lita yake waziwazi.

Siku za baadaye nilizunguka sokoni Arua, na maneno ya yule afisa wa Entebbe nikayaona kwa macho. Vitenge! Vimetundikwa hadi darini, vya rangi zinazoumiza macho, vingi vya China, vichache vya ule mtindo wa Vlisco wa Uholanzi ambao mama wa Kongo atautambua kwa kuusugua kwa kidole gumba. Mpaka wa Kongo uko karibu kiasi kwamba bodaboda atakupeleka na kukurudisha kabla chai haijapoa, pale Vurra. Ardhi hii imepita mikononi mwa watu wengi: hadi mwaka 1910 ilikuwa ndani ya eneo la Lado lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Mstari umehama, jamaa wamebaki pande zote. Watu wa hapa hawavuki kwenda ugenini. Wanavuka kwenda kwa shangazi, na wakirudi wana kitu kichwani.

Jirani wa mama, mzee mmoja mwenye Kiswahili safi cha kambini, alinisimulia ujana wake. Alikimbilia Zaire watu wa West Nile walipokimbia vita baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na aliporudi kazi iliyokuwepo ni petroli. Alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakikaa kando ya barabara za Arua na madumu, walioitwa na mji mzima OPEC Boys. Mafuta mengi yalikuwa yale yaliyopita Uganda bila ushuru kwa kuwa yameandikwa yanakwenda Kongo. Yalifika Kongo kweli. Kisha yakarudi, dumu kwa dumu, kwa baiskeli.

"Lile gari la mafuta lilikuwa kama abiria wako," aliniambia. "Limepita tu, halilipi. Sisi tulikuwa tunakaa, ndio tunalipa." Siku hizi lori la transiti hufungwa lakiri ya kielektroniki na kufuatiliwa tangu Mombasa hadi mpakani, na mzee anauza mbao.

Koboko nilikwenda kwa teksi ya watu saba kwenye gari la watano. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ni kilomita 92, na njia nzima kuna mashamba ya mihogo, tumbaku na mitiki iliyopandwa kwa mistari. Koboko ni mji wa Wakakwa, ambao wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini, kabila moja pasi tatu. Kule Salia Musala, karibu na nchi tatu zinapokutana, mwenye duka alinirudishia chenji akauliza niichukue kwa shilingi au kwa faranga. Oraba, mkabala na Kaya ya Sudan Kusini, nilikaa kivulini na wanawake watatu waliokuwa wakingoja kuvuka, na mizigo yao nikaiona yote: sabuni za mche, unga, nyanya, biskuti, na yule wa tatu alikuwa na vitenge sita chini ya nyanya.

Niliwauliza kama wanaujua utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo. Mmoja alikuwa amesikia. Upo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha uasili kinachojazwa pale pale mpakani. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016, Kongo tangu 2022. Nyanya zinaingia katika utaratibu huo, unga unaingia, sabuni ikitengenezwa Uganda inaingia. Vitenge haviingii, kwa sababu havikutengenezwa kwetu. "Kwa hiyo nyanya ziko juu kwa haki," alisema yule wa tatu, na wenzake wakacheka sana. Mimi sikucheka. Mita za kitambaa chini ya nyanya na mita za kitambaa chini ya halwa ni jambo moja, isipokuwa mimi nilipewa kiti, risiti na maneno ya heshima, na orodha ya vinavyoruhusiwa nilijua mahali pa kuitafuta.

Nilipoaga Ediofe, mama alinifungia zawadi za kurudisha. Asali ya West Nile kwenye chupa ya lita moja na nusu, nyeusi na nzito, yenye ladha ya moshi, kwa ajili ya binti. Mafuta ya moyao kwenye kopo, ya kupaka mwili. Angara kwenye gazeti. "Awadifo," nikasema, yaani asante, na yeye akanisahihisha matamshi hadi nikapata. Asali na moyao vilikwenda chini, kwenye sanduku, kila kimoja ndani ya mifuko miwili na kanga katikati, kwa kuwa asali nayo ni kimiminika kwa watu wa usalama, na chupa yangu ilizidi kipimo chao mara kumi na tano. Angara nilimwachia mwenyeji wangu wa Kampala, kwa kuwa samaki na nyama za nyumbani zina masharti yake kila nchi unakoingia.

Mabinti wa Uganda hupewa mafunzo kabla ya kwenda Ghuba. Ninaomba wanaoyaendesha waongeze somo moja fupi la kurudi: mfuko wenye mpaka mwekundu haufunguliwi njiani, manukato yanunuliwe kiwanja cha mwisho, halwa, asali na mafuta yaende chini, mzigo wa mtu ufunguliwe mbele yake, risiti zisitupwe, kitambaa kitangazwe. Naomba orodha hiyo hiyo, pamoja na ile ya wafanyabiashara wadogo, ibandikwe Oraba na Vurra kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kwa herufi za kusomeka na mtu aliyesimama na mzigo kichwani. Na kwa wabunge wa Jumuiya wanaokaa Arusha, nchi nane zikiwa nyuma yao, nina ombi la mstari mmoja tu katika ile sheria ya 2004: abiria na mvukaji aruhusiwe kitambaa cha zawadi kisichozidi mita sita, bila ushuru, kiwe kimeshonwa au hakijashonwa.